Mikono Miwili ya Kulia

Jumatatu, 3 Machi

Nimekasirika. Naandika kwa wino wa kazini makusudi, uwaishie wao.

Jalada la toleo la arobaini la kitabu chetu cha katuni limefika leo kutoka kwa mchapaji. Sampuli tu, lakini Saa Sita kalibandika ukutani kama picha ya harusi. Saa Sita ndiye mhariri wetu. Mama mfupi, sauti ndefu. Jina hilo tulimpa kwa sababu kila kazi lazima iwe mezani kwake saa sita mchana. Ukimwambia nyumba yako inaungua atakuuliza itamaliza kuungua saa ngapi. Basi kalibandika. Bi Radi, shujaa wetu, kasimama juu ya paa, spana mkononi, moshi unapanda nyuma yake. Moshi wangu ule. Siku nzima nimeuchambua kwa brashi yenye nywele tatu. Na chini, kwa herufi nene: Michoro na — jina la Mjomba. Basi. Kama vile wino ulidondoka wenyewe kutoka mbinguni ukajipanga.

Aliniahidi. Tulipomaliza toleo la thelathini, tukiwa tumekaa kwenye ngazi tunakunywa chai, alisema kwa mdomo wake mwenyewe: tukifika arobaini pamoja, jina lako litakaa kando ya langu. Nikanyamaza matoleo kumi mazima. Nikasema mtu mzima hakumbushwi ahadi yake, ni utovu wa adabu.

Leo nikakosa adabu. Nikamwendea mezani kwake, nikamwuliza, Mjomba, na lile jina?

Hakuinua hata kichwa. Anachonga penseli kwa wembe, vumbi linaangukia kwenye kifuniko cha sabuni. Akasema, "Mpwa wangu, mimi nashona, wewe unapiga pasi. Umewahi kuona jina la mpiga pasi kwenye kola?"

Kobe alicheka mpaka akaharibu herufi. Kobe ndiye anayeandika maneno ya wahusika, kwa mkono, moja moja, polepole. Mtu ambaye husalimiwa asubuhi akaitika saa nne. Lakini hapo alicheka papo hapo. Kumbe akitaka anaweza.

Mpiga pasi. Mimi. Mkono bora wa brashi katika jengo hili zima, na jengo lina ghorofa tatu.


Jumanne, 4 Machi

Bado.

Ngoja niandike kazi ilivyo, maana humu hakuna wa kunikatiza.

Mjomba anachora kwa penseli. Karatasi ikitoka kwake inakuja kwangu. Mimi napita na wino: nibu ya kalamu kwa mistari myembamba, brashi kwa minene. Anapotaka pawe peusi tii ameweka X ndogo, najaza. Watu wa nyuma, wale wa mitaani na sokoni, hajisumbui nao. Anaacha mayai matupu yenye msalaba katikati, msalaba wa kuonyesha pua itakaa wapi. "Wape sura," anasema. Nawapa. Nusu ya mtaa wangu wamo kwenye vitabu vya Bi Radi na hawajui. Mwenye nyumba wetu kashaibiwa mara sita. Wino ukikauka napita na raba, penseli yote inaondoka, unabaki wino peke yake. Ukurasa unaenda kwa Saa Sita.

Hayo Mjomba anayajua. Sasa asiyoyajua.

Sikio la Bi Radi. La kushoto. Mjomba analiweka chini, karibu na taya, utadhani limeteleza. Ukurasa baada ya ukurasa. Tangu toleo la tano nalipandisha mahali pake, na simwambii mtu. Mkono wake wa kushoto nao: gumba linaota upande wa kidole cha mwisho. Nalihamisha. Na macho! Yeye anachora duara na nukta, macho ya samaki wa kwenye barafu. Mimi nashusha kope kidogo, naacha chembe ya weupe, mwanamke anapata akili. Halafu raba. Raba haiachi ushahidi. Aliyekosea na aliyesahihisha wote wanaondoka na vumbi lile lile.

Kwa nini simwambii? Mwanzoni niliogopa kofi. Baadaye nikaona raha. Kukaa meza ya nyuma, unajua jambo ambalo bingwa hajui — tamu hiyo, tamu kuliko chai.

Sasa imechacha.

Nimemwambia Mama, tukila. Sijamwambia habari za sikio, nimemwambia habari za jina tu. Mama ni dada yake Mjomba, tumbo moja, kwa hiyo kesi nilishashindwa kabla ya kufungua mdomo. Akasema: "Kaka yangu alikukuta umeacha shule, unawachora watu uchi kwenye kuta zao. Akakupa kiti. Sasa unataka na ukuta?"

Nikamwambia sitaki ukuta, nataka mstari mmoja wa herufi.

Akasema nimalize chakula.


Alhamisi, 6 Machi

Leo yamemwagika.

Alipanda ngazi msichana wa shule, sare na mkoba, na toleo la thelathini na tisa mkononi limeviringishwa kama chapati. Anataka kuwekewa sahihi. Mjomba akajinyoosha shati. Kila akipata mgeni anajinyoosha shati. Msichana akasema anampenda Bi Radi kwa sababu ya macho. Kwamba akimwangalia mtu, hata wewe msomaji unajiona umeiba kitu.

Macho! Nimekaa pale hatua tatu kutoka kwake, brashi mdomoni.

Mjomba akasema, "Ahsante binti, macho ndiyo roho ya kazi." Akaweka sahihi. Sahihi yake ina mkia mrefu kama mjusi.

Nikasema, "Hayo macho ni yangu."

Msichana akanigeukia. Kaniangalia juu mpaka chini, vidole vyangu vyeusi, fulana yangu yenye madoa. Akauliza kwa upole kabisa: "Kwani wewe ndiye unayepaka rangi?"

Ndani ya kitabu hakuna rangi. Ni nyeusi na nyeupe, ukurasa wa kwanza mpaka wa mwisho!

Kobe kainama chini kutafuta kitu ambacho hakijaanguka. Mjomba akamwambia msichana, huyu ni mpwa wangu, anapita juu ya mistari. Anapita juu ya mistari. Kama nzi.

Msichana alipoondoka nikasema kila kitu isipokuwa lile la sikio. Nikasema bila mimi Bi Radi ni kivuli cha majivu, mchapaji hawezi hata kumwona. Nikasema ahadi ni deni, na mtu anayeahidi kwenye ngazi ategemee kukumbushwa kwenye ngazi. Nikasema mimi naweza kuchora peke yangu kitabu kizima, tena mkono mmoja mfukoni. Sauti ilipanda, najua. Mjomba aliendelea kuchora. Hilo ndilo lililonichoma zaidi. Angenitukana ningepumzika.

Saa Sita akatoka chumbani kwake. Akasema, "Kijana, maneno hayachapishwi. Nina kurasa mbili tupu mwishoni mwa toleo hili, tangazo limejitoa. Chora wewe. Hadithi yako, penseli yako. Zikiwa nzuri, jina lako linaingia kwenye jalada, nitamwamrisha mchapaji mwenyewe. Zikiwa mbovu, sitaki kusikia tena habari ya jina mpaka nistaafu. Jumatano. Saa ngapi?"

"Saa sita," nikasema.

"Ahaa. Huyu anasoma."

Nikasema nitatia na wino mwenyewe. Akakataa. Ofisi hii ina sheria moja ya zamani: ukurasa wa mkono mmoja hauingii kitabuni. Mwenye penseli mwingine, mwenye wino mwingine, na juu ya kila karatasi, pembeni mahali ambapo hapachapwi, yanaandikwa majina yote mawili. Anasema mtu akichora na kutia wino mwenyewe, kosa lake analipenda mara mbili.

Sasa nani atatia wino? Kobe alijifanya hayupo.

Mjomba ndipo akaweka penseli chini. "Nitapiga pasi mimi," akasema.

Nilikuwa nacheka ndani kwa ndani. Bingwa atapita juu ya mistari yangu. Kama nzi.


Ijumaa, 7 Machi

Hadithi ninayo, nzuri kuliko zote alizowahi kuandika mtu: Mwizi kaiba kiti cha kinyozi. Kile kizito, cha chuma, kinachozunguka. Kakibeba mgongoni mchana kweupe, na mteja bado kakaa humo, kapakwa sabuni nusu ya uso. Kurasa mbili, visanduku tisa vya picha, sisi tunaviita vyumba. Mwisho mteja anamwambia mwizi, basi maliza kuninyoa.

Nimecheka peke yangu saa nzima.

Kisha nikachukua karatasi.

Hakuna kitu humu. Ni nyeupe tu. Sikuwahi kulifikiria hilo. Miaka mitatu karatasi inanijia imeshajaa, watu wameshasimama, mlango uko mahali pa mlango. Mimi naamua mstari uwe mnene au mwembamba. Leo naikodolea macho, nayo inanikodolea. Jeuri ya karatasi tupu hujapata kuiona.

Mpaka jioni nimechora mwizi mmoja. Anaelea. Miguu anayo, viatu anavyo, sakafu ipo, lakini hawajaonana.


Jumamosi, 8 Machi

Nimechora kutwa nyumbani. Nimechana karatasi saba. Mama kahamishia sahani kwenye kitanda changu kwa sababu meza yote nimeichukua.

Nikamwomba abebe stuli mgongoni nione mtu mwenye mzigo anakunjaje mgongo. Akabeba. Akatembea nayo mpaka mlangoni na kurudi. "Hivi ndivyo mlivyo ninyi wasanii," akasema, "mnataka kuona mtu akibeba mzigo ili mjue unavyobebwa." Nikamwambia anyamaze, wezi hawasemi. Akanipiga na kitambaa cha vyombo. Lakini mgongo nikaupata. Mgongo ule, wallahi, hata Mjomba hana.

Kiti ndicho kinanitesa. Kina mguu mmoja mnene katikati na sahani ya chuma chini, na kila chumba kinataka kutazamwa upande mwingine. Katika chumba cha nne kimelala kidogo. Katika cha sita kimelala sana. Si neno. Mwenye wino ataninyooshea. Watu wa mtaani wanaomtazama mwizi nimewaacha mayai na misalaba, kumi na moja. Atawapa sura. Mikono ya mwizi nimeichora haraka haraka, imeshika kiti, nani anatazama mikono.

Mimi nafanyiwa hivi hivi kila wiki na silalamiki. Zamu yake.


Jumatatu, 10 Machi

Nimempa Mjomba kurasa.

Kaziweka zote mbili mezani, kavaa miwani, katazama. Muda mrefu. Nilisikia saa ya ukutani, na hiyo saa ni mbovu.

Akauliza, "Ndizo hizi?"

"Ndizo."

"Zimekwisha?"

Hapo ndipo palipokuwa na nafasi. Kama ningesema Mjomba, kiti kimelala hapa, ninyooshee. Kama ningesema wape watu sura. Maneno machache tu. Lakini Kobe alikuwa anatazama, na Saa Sita mlango wake wazi, na mimi nikamwona Mjomba keshokutwa anamwambia msichana mwingine wa shule, mgongo huu mimi ndiye nimeunyoosha. Nikasema, kwa sauti ya watu wote wasikie: "Zimekwisha. Fuata mistari. Usiongeze chako, usipunguze changu."

Akanitazama juu ya miwani. "Hata unywele?"

"Hata unywele."

Akaandika juu ya karatasi, pembeni. Penseli: jina langu. Wino: jina lake. Mwandiko mzuri.

Nimetembea nyumbani kifua mbele. Ni maneno ya mdomoni yale, yeye ni fundi. Fundi gani mwenye macho ataona kiti kimelala akiache?


Jumanne, 11 Machi

Ameviacha. Vyote.

Nimefika asubuhi, karatasi ziko mezani kwangu, zimekauka, zimeshapitishwa raba, safi. Mstari wake sijawahi kuuona mzuri vile. Unaanza mwembamba, unavimba, unakufa mahali pake. Ulaini ule mimi sina, naandika hapa na nitakana mahali pengine popote. Na mstari ule mzuri amefuata upumbavu wangu wote, nukta kwa nukta. Kiti cha chumba cha sita kinaanguka. Kinaanguka kwa fahari, kwa wino mweusi mzito. Mayai kumi na moja yamesimama mtaani na misalaba usoni, kama makaburi yaliyokuja kutazama wizi.

Na mikono ya mwizi. Mungu wangu. Katika chumba cha tatu kashika kiti kwa mikono miwili, na yote miwili ni ya kulia. Gumba na gumba yanatazama upande mmoja. Nilichora mimi. Kwa penseli sikuona, penseli ni ya kijivu, inakusamehe. Wino hausamehe.

Nikamwendea. Nikamwambia umefanya makusudi.

"Ulisema hata unywele."

Nikamwambia msalaba kila mtoto anajua ni wa kazi, si wa kutiwa wino, umenidhalilisha.

"Najua ni wa kazi. Lakini ningewapa macho yangekuwa macho ya nani?" Anasema taratibu, anapangusa nibu. "Ungeniambia tena ni yako. Au ningesema ni yangu. Nikaona bora yasiwepo."

Nikasema, "Mimi kwako sijawahi kufuata! Miaka mitatu!"

Kobe kaacha kuandika.

"Hujawahi?" Mjomba kauliza.

Basi nikatapika yote. Sikio. Gumba la kushoto. Kope. Toleo la tano mpaka la arobaini. Nikayasema kwa furaha, siwezi kukataa, kila moja nikilitupa kama jiwe. Nilitaka apungue pale alipokaa.

Alikwenda kabatini, akatoa bahasha ya zamani. Ndani mna fotokopi za kurasa za penseli za toleo la kumi na nne, alizompelekea mchapaji siku ile wino ulipochelewa kuja. Nilisahau kama zipo. Akachukua na toleo la kumi na nne lenyewe, lililochapwa. Akaviweka bega kwa bega, akainama. Kidole chake kwenye sikio la penseli. Kidole kwenye sikio la wino. Ukurasa wa pili. Wa tatu. Hakuruka hata mmoja.

Kobe akachukua kofia yake akatoka. Huyo ambaye hutoka wa mwisho.

Nilingoja aseme ahsante, au anipige. Yote mawili nilikuwa nimejiandaa.

Akasema: "Mwaka juzi, kilipotoka kitabu hiki, nililitazama sikio hili nikafurahi. Nikajiambia, hatimaye nimelipata. Mwalimu wangu alinipigia kelele miaka kwa ajili ya sikio hili." Sauti yake haikuwa kubwa. Ingekuwa kubwa ningeizoea. "Nikaacha kulifanyia mazoezi. Nilidhani nimepona."

Nikasema, nilikuwa nakusaidia.

"Ulikuwa unanificha. Mimi nakosea, wewe unafuta, mimi naona nimepatia, nakosea tena. Miaka mitatu wewe umekuwa ukijua kosa langu kuliko mimi, na umekaa hapo nyuma unacheka." Akavua miwani. Akaitupa mezani kwa hasira. Nilidhani hasira ni zangu peke yangu ofisini humu. "Mimi nimekuharibia kurasa mbili. Wewe umeniharibia ngapi?"

Nadhani nilisema, na wewe uliahidi jina. Lilitoka dogo.

Nimekasirika mpaka sasa, lakini sijui vizuri hasira hii niielekeze wapi. Naielekeza kwake kwa sababu ndiko ilikozoea kwenda.


Jumatano, 12 Machi

Asubuhi.

Nimefika mapema na wembe na rangi nyeupe, nikwangue, nipake, niokoe mikono angalau. Nimekwangua gumba moja, karatasi ikaanza kuota manyoya. Nikaacha. Nikiendelea natoboa.

Mjomba alikuwa ameshafika kabla yangu. Hakunisalimia, nami sikumwamkia, mara ya kwanza tangu nizaliwe. Mama akijua atanichapa ukubwani. Anachora masikio. Karatasi nzima, masikio ya kushoto matupu, safu kwa safu, kama mtoto aliyepewa adhabu. Saa nzima hivyo. Kisha karatasi ikateleza kuja upande wangu wa meza, mkono wake bado juu yake.

"Lipi?"

Nilitaka kumwambia hakuna. Lilikuwa mdomoni kabisa. Nikatazama. Nikaweka kidole safu ya tatu, la nne.

Akavuta karatasi yake. Akachora lile tena, na tena.


Jumatano, bado. Saa sita kasoro robo

Niko chooni. Nimeomba ruhusa. Naandika magotini, wamekaa wananisubiri.

Saa Sita kaja mapema, ajabu ya mwaka. Kachukua kurasa zangu, kasimama nazo dirishani. Kwenye kiti na mteja wa sabuni kacheka — kacheka kweli, na mabega. Chumba cha mwisho kakisoma kwa sauti. Kisha karudi nyuma ukurasa wa kwanza. Kasogeza karatasi karibu na uso.

"Huyu mwizi ana mikono miwili ya kulia," akasema.

Akapitisha kidole. "Na kiti kimelala. Na haya mayai yana misalaba. Nani mwenye akili zake anatia wino misalaba?" Akamwangalia Mjomba. Akaniangalia mimi. Penseli haipo, imefutwa, hawezi kujua nini kilikuwa chini. Akasema, "Hadithi ni nzuri. Mgongo wa huyu mwizi ni mzuri mno. Sasa niambieni, kosa la penseli au la wino? Kama ni la wino, Mzee atarudia usiku huu na kijana nampa jina lake. Kama ni la penseli, tulishakubaliana."

Mlango wazi ule. Mpana, umefagiliwa, una zulia. Neno moja tu: wino. Misalaba yenyewe inanishuhudia. Nani angenibishia? Kobe hayupo, katumwa kwa mchapaji, bado hajarudi. Na huyu mtu aliniita mpiga pasi mbele ya watu, akala ahadi yake, akaitia misalaba wino huku anajua. Anajua! Anastahili. Nilimtazama nione kama atajitetea.

Hakujitetea. Alikuwa ameweka kiwiko juu ya ile karatasi ya masikio ili Saa Sita asiione. Akasema tu:

"Muulize mwenye ukurasa."

Ndipo nikasema tumbo linaniuma.

Bado nina hasira naye. Niandike hilo, lisije likapotea. Ile ahadi ya kwenye ngazi sijaisamehe na sitaisamehe leo. Nikisema penseli, jina limekwenda, na yeye atakaa pale na jina lake la herufi nene, na sijui kama hata atasema pole.

Nimeinua mkono wangu wa kushoto, nimeushikisha bomba la maji kama vile ni kiti. Nauchora hapa pembeni. Gumba linaingia ndani. Ndani, mjinga wewe, linatazama kifua chako. Vidole vinapanda nyuma. Rahisi namna hii, na ulikuwa nao kutwa umeshikia karatasi.

Mstari wa kwanza umekataa. Wa pili afadhali.

Kobe karudi, anagonga mlango. Anasema Saa Sita anauliza kama nimetumbukia. Nimemwambia natoka.

Anauliza nafanya nini humo.

Namalizia kucha za mkono wa kushoto —